Mama Mkwe wa Kituo Namba Kumi na Saba

Jamani, kosa ni langu. Sikuliazima kwa mtu, sikusukumwa na shetani, wala sikuwa na njaa. Nililitenda nikiwa nimeketi, nimeshiba chapati na maharage, saa nne ya asubuhi, jua linawaka na kila mpita njia ananiona.

Jina langu msiniulize. Ushujaa wangu unaishia hapo. Jueni tu kwamba mimi ni mwanamume wa Paya, huku Tororo, mkulima wa mpunga na mihogo, baba wa watoto wawili, na kwamba kwa siku tano nzima nilikuwa mtaalamu wa bahari.

Ndiyo, bahari! Chekeni tu, mimi mwenyewe nilicheka kabla yenu.

Uganda hatuna bahari, hata ya kuazima kwa jirani. Tuna ziwa. Lakini wanamaji tunao, na wanamaji hao walikuwa wanakuja upande wa Busia na mashua zao za doria kuwasaka wezi wanaowanyang'anya wavuvi injini mchana kweupe. Wavuvi walikuwa wamelalamika mpaka sauti zimewakauka. Sasa, mashua ya jeshi si mtumbwi. Ni nzito, inazama sana majini, na waliokuwa wanakuja nayo walikuwa wageni wa maji yale. Kabla hawajafika ilitakiwa taarifa: maji yana kina gani, chini kuna mchanga au matope au mawe, upepo unavuma saa ngapi, gugumaji limeziba wapi. Yote hayo kwa siku tano. Haraka haraka haina baraka? Kwenye mradi haraka ndiyo baraka yenyewe!

Kampuni moja kutoka Kampala ikapewa kazi hiyo, nayo ikatafuta watu wa huku. Mimi nilipatikana Nagongera siku ya soko. Madam wa kampuni alikuwa na miwani mikubwa na haraka kubwa zaidi. Sifa yangu ilikuwa moja: niliwahi kuhesabu vyoo vya Mwello kwa ajili ya mradi mwingine, na sikukosea hata choo kimoja.

"Na ziwa unalijua?" akaniuliza.

"Madam, mimi ni mutu ya maji," nikamjibu bila kupepesa. "Hata bibi yangu anatoka huko."

Hilo la mke lilikuwa kweli. Mke wangu, Nabwire, ni Msamia, na kwao ni mwaloni kabisa, pale mitumbwi inapotia nanga. Kati ya mlango wao na ziwa kuna nyavu zilizoanikwa tu. Lakini hilo la mimi kuwa mtu wa maji, Mungu anisamehe! Maji yakinipita magoti akili huniruka. Kuogelea sijui. Kina kirefu nilichowahi kuingia ni shamba la mpunga la Paya, na hata humo nilikuwa nashikilia jembe.

Madam hakuuliza zaidi. Alinikabidhi kamba ndefu yenye fundo kila mita na chuma kizito mwishoni. Akanipa sahani ya bati iliyopakwa nyeusi na nyeupe, ambayo unaizamisha mpaka usiione tena, ndipo ujue maji ni safi kiasi gani. Akanipa jaketi la kuelea, rangi ya machungwa. Mwisho akanipa fomu arobaini, moja kwa kila kituo. Kituo chenyewe ni nukta kwenye ramani. Kazi ilikuwa kukodi mtumbwi, kufika kwenye kila nukta, kushusha kamba na kuandika. Hata mtoto angeelewa.

Jaketi nililivaa hapohapo, juu ya boda, kutoka Nagongera mpaka Busia. Watu wa njiani walinipungia mikono. Kama vumbi lingegeuka kuwa mafuriko, mimi peke yangu ningeokoka.

Nisiseme uongo mwingine: ziwani nilifika. Siku ya kwanza nilishuka mpaka ukingoni na kamba yangu begani. Ziwa likaniangalia, nami nikaliangalia, tukakubaliana kila mmoja abaki kwake.

Sababu nilikuwa nayo, tena ya heshima. Nukta nyingi zilikuwa mbele ya boma la wakwe zangu. Kwetu sisi Wapadhola, na kwao Wasamia vilevile, mume hatazamani usoni na mama mkwe wake. Akikuona njiani yeye huingia migombani, nawe unageuza uso kama hukumwona. Hamshikani mikono, hamli pamoja. Sasa ningewezaje kuzungukazunguka mbele ya mlango wa mama mkwe siku tano, nikiwa nimevaa jaketi la machungwa? Niliilinda mila! Nikarudi Busia mjini mbio, nimeshika mila mkono mmoja na woga mkono wa pili.

Ofisi yangu ya utafiti wa bahari nikaifungua kwenye kibanda cha Mama Anyango, karibu na foleni ya malori. Mama Anyango ni Mkenya, anavuka mpaka kila asubuhi na unga wake na karai lake. Siku ya pili akanitazama, akazitazama fomu zangu, akashika kiuno.

"Wewe si ulisema umetumwa kupima maji? Sasa unapima ukiwa hapa kwa lami?"

"Hii ni kazi ya kitaalamu, mama."

"Ati kitaalamu! Haya profesa, nipe hiyo sahani yako niweke chapati, zangu zimeisha."

Nikampa. Basi ile sahani ya kupimia usafi wa maji ilizama mara moja tu katika maisha yake, kwenye mchuzi wa maharage, na matokeo yake sikuyaandika popote.

Fomu zenyewe zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya bahari ya kweli. Kulikuwa na mahali pa kuandika saa za maji kujaa na kupwa. Ziwa letu halijai wala halipwi, hata kuku wa mwaloni anajua. Lakini niliona aibu kuacha nafasi tupu, nikaandika: asubuhi yanajaa, jioni yanapwa. Chini yake waliuliza kiwango cha chumvi. Nikaonja maharage ya Mama Anyango, nikaandika: "Ya kutosha."

Walitaka na picha za kila kituo. Siku ya tatu nilirudi Paya, mvua ilikuwa imenyesha, nikapiga picha arobaini za shamba langu la mpunga lililofurika. Maji ni maji, au siyo? Katika picha moja bata aliingia kwa nguvu. Hakuna aliyeuliza bata huyo ni wa jeshi gani.

Kina cha maji ndicho kilichonisumbua. Hata mimi nilikuwa na chembe ya dhamiri, ndogo kama ya haradali. Siku ya nne nikampigia simu Wandera.

Wandera ni kaka wa mke wangu. Ni mwendesha mashua tangu ndevu hazijaota, na mwaloni pale wazee wenyewe wakitaka kuvuka upepo ukiwa mbaya, humwita yeye. Hakuwahi kumzamisha mtu. Hilo ndilo lililokuwa jina lake: Wandera asiyezamisha. Na wanamaji walikuwa wameshaambiwa habari zake, wakamchagua awe rubani wao wa kuwaonyesha njia, wakampa na nakala ya ramani yenye nukta zetu. Alikuwa na furaha, jamani, kama bwana harusi!

Nilimwambia nataka kuhakikisha vipimo vyangu. Kuhakikisha! Alikuwa anashona nyavu, simu kaibana kwa bega, na akanitajia kina cha kituo kimoja baada ya kingine bila kukwama, kana kwamba anataja watoto wake. Namba kumi na sita, mita saba. Nikaandika.

"Kumi na saba?"

"Kumi na saba... hiyo si iko mbele ya nyumbani, kati ya mwalo na kisiwa?"

"Hiyohiyo."

"Ai, hapo wachana nayo, shemeji. Hapo iko mama mkwe. Andika hivyohivyo, mama mkwe. Mutu asipite hapo."

Nikacheka mpaka Mama Anyango akageuka. Nilidhani ananitania! Si anajua ninavyomkwepa mama yake? Si nyumba ya mama yake iko palepale?

"Hata mimi namuogopa huyo," nikamwambia. "Unisalimie yeye, lakini kwa mbali!"

Naye akacheka. Tukacheka wote wawili, kila mmoja na lake. Tukaenda namba kumi na nane, mita tano.

Nikabaki na nafasi tupu kwenye kumi na saba. Huku saba, huku tano. Mtu aliyehesabu vyoo vya Mwello atashindwa hapo? Nikaandika: kina, mita sita. Chini, mchanga laini. Nikalamba kidole chenye mafuta, nikafunua fomu inayofuata.

Siku ya tano asubuhi nilikuwa wa kwanza kukabidhi. Wenzangu waliopelekwa sehemu nyingine, wale wajinga waliokwenda majini kweli, walikuwa bado wanatapika ndani ya mitumbwi. Madam alinisifu mbele ya watu. Alisema laiti wote wangekuwa na kasi kama yangu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Mashua ya doria ilikuja wiki iliyofuata. Yaliyotokea nilisimuliwa na Wandera mwenyewe, kitandani hospitalini, na wavuvi waliokuwa karibu wakanisimulia hivyohivyo.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, ziwa limetulia. Waliwaona wezi. Walikuwa wanakimbia na mtumbwi mwepesi, kuelekea kisiwani. Afande, mkuu wa mashua, akatazama ramani yake mpya, ramani yangu, kwenye kioo cha kompyuta ya mashua, akaamuru mashua ikate moja kwa moja. Wandera ndiye aliyekuwa kwenye usukani.

"Afande, tuzunguke!" alipiga kelele. "Hapo mbele iko mama mkwe!"

Wanajeshi wakaangua kicheko.

"Rubani, sisi tunafukuza wezi, wewe unaogopa mkwe?" Afande akasema. "Ramani inasema mita sita. Songa mbele!"

Sasa nami niwaambie nilichojifunza siku hiyo, mimi mwenye mke wa Kisamia kwa miaka tisa. Wavuvi wa mwalo ule, jiwe lililolala chini ya maji wanaliita Mama Mkwe. Unajua kwamba yupo. Humwoni, humkaribii, humpiti mbele. Unazunguka mbali kwa adabu zako na kuendelea na safari. Jiwe la kituo namba kumi na saba maji yaliyo juu yake hayafiki kiunoni. Kila mtu wa mwaloni analijua, pamoja na watoto wanaooga ukingoni. Asiyelijua alikuwa mtaalamu mmoja tu wa bahari.

Wandera alikata usukani sekunde ya mwisho. Kwa hiyo mashua haikuligonga jiwe kwa pua, iligonga kwa ubavu, upande wake yeye. Wanajeshi sita walirushwa majini na wote sita wakatoka wazima. Mguu wa kushoto wa Wandera ulibanwa kati ya mashua na jiwe. Wavuvi wanasema wezi walizima injini yao, wakasimama kidogo kutazama, kisha wakaenda zao.

Madaktari waliukata mguu chini ya goti.

Nilikwenda kumtazama siku ya pili yake. Nabwire alikuwa ameketi upande mmoja wa kitanda, ameshika kikombe cha uji. Wandera akanisimulia yote, halafu akanishika mkono.

"Shemeji, wewe si uliandika ile mama mkwe kwa karatasi?"

Hapo! Hapo ndipo ningekuwa mtu. Neno lilikuwa moja tu, "sikuandika."

"Niliandika," nikasema.

Uso wake ukafunguka. Akamgeukia dada yake. "Umesikia? Shemeji aliandika. Ni hao ya ofisi walifuta. Basi, iko sawa. Karatasi itasema."

Nabwire alikuwa ananitazama mimi, si kaka yake.

Majuma kadhaa baadaye kikafanyika kikao mwaloni, chini ya mabati wanapopimia samaki. Afande alikuwepo, Madam alikuwepo, kamati ya mwalo, wavuvi wote, nami nikaitwa. Wandera alifika kwa magongo. Afande akasoma ripoti ya ajali. Ilisema mashua iligonga jiwe kwa sababu rubani aligeuza usukani ghafla, na kwamba wakati wa tukio "rubani alikuwa akizungumzia mambo ya familia."

Mambo ya familia! Waliandika hivyo, na muhuri wakapiga.

Wandera akasimama. Hakuonyesha hasira hata kidogo. "Afande, mimi siwezi kujibu maneno mingi. Shemeji yangu alipima hiyo maji. Aliandika hapo iko jiwe. Leteni karatasi yake, isome mbele ya watu."

Wakaileta. Madam akaisoma kwa sauti safi: kituo namba kumi na saba, kina mita sita, chini mchanga laini, chumvi ya kutosha.

Watu wengine walicheka kwenye chumvi. Wandera hakucheka.

Afande akanigeukia. "Wewe ndiye uliyejaza fomu hii?"

"Ndiyo, Afande."

"Ulipima?"

Wandera alikuwa ananitazama. Wavuvi walikuwa wananitazama. Nikawaza jela, nikawaza watoto, nikawaza jina langu litakavyoitwa Nagongera nzima. Jina la Wandera sikuliwaza kabisa.

"Nilipima, Afande."

Ikaisha hivyo. Wakaandika kwamba rubani ni mzembe, tena ni mwongo, anataka kumsingizia mtaalamu. Kamati ikamnyang'anya ruhusa ya kuendesha chombo chochote ziwani. Mtu ambaye hakuwahi kuzamisha abiria! Aliteremka taratibu kwa magongo yake kuelekea nyumbani kwa mama yake, na watu wakampisha njia bila kumwambia pole.

Nabwire alinisubiri njiani.

"Ile jaketi yako ya mradi," akasema, "nani alifua?"

"Wewe."

"Ilitoa nini?"

Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

"Vumbi," akasema. "Vumbi mupaka maji ikakuwa nyekundu. Harufu ya samaki hakuna, matope ya ziwa hakuna. Nilinyamaza, nikasema bwana yangu atasema mwenyewe. Leo umesema."

Akageuka, akamfuata kaka yake. Jioni ileile akatuma mtu wa boda kuja kuchukua watoto. Mimi nikabaki Paya na bata.

Siku mbili baadaye ikaja bahasha kutoka kwa Madam. Ndani yake, cheti! Chenye mapambo ya dhahabu pembeni, na jina langu katikati kwa mwandiko wa kupendeza, pongezi kwa "kasi na usahihi." Nilikipigilia ukutani, kwenye msumari ambao Nabwire alikuwa akitundika ungo wake. Mwanzoni nilidhani kitanifariji. Kila nilipoinua kijiko kula peke yangu nilikisoma, na kila nilipokisoma ugali ulinikwama.

Nilivumilia mwezi mmoja. Usingizi ulinihama. Nikimwona mtu yeyote mwenye gongo barabarani nilikuwa nageuza njia. Shamba likaota magugu. Mama Anyango nilipopita kibandani kwake aliniuliza kwa sauti kubwa mbele ya wateja: "Profesa, siku hizi unapima nini?" Hakujua anachoniuliza, au pengine alijua. Sikupita tena pale.

Mwishoni nikaamka asubuhi moja, nikalivaa shati la kanisani, nikaenda mwaloni.

Wandera alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, anashona nyavu za watu wengine. Suruali yake upande wa kushoto ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa pini. Nabwire alikuwa anamenya mihogo mlangoni. Aliniona, akaendelea kumenya.

"Karibu, Kapteni," Wandera akasema.

Sikuketi. "Shemeji, sikupima. Na ile ya mama mkwe sikuandika. Nilidhani unanitania. Nikajaza tu."

Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Najua," akasema. "Nilijua hapo kwa mabati, ulisema umepima. Mbele ya hapo sikujua. Mbele ya hapo nilikuwa nagombana na watu juu yako."

"Nisamehe."

"Mguu ni mguu, shemeji. Jiwe ilichukua, na jiwe haina akili. Lakini mimi nilikuwa nabakia na kitu moja, neno yangu. Wewe ndiye ulichukua, na wewe iko na akili."

Ningependa kuwaambia kwamba nililia. Ukweli ni kwamba nilisimama pale kama kigingi, natafuta pa kuweka mikono.

Ndipo mama mkwe akatoka migombani.

Alikuwa na mkungu wa matoke begani. Nikafanya kama nilivyolelewa, nikageuza uso haraka kuelekea ziwani na kuinama. Nilitegemea nitasikia majani ya migomba, aondoke zake kama alivyofanya miaka tisa yote. Sikusikia majani. Nilisikia mkungu ukiwekwa chini, halafu hatua zake, pole pole, zinakuja. Zikazunguka zikaja zikasimama mbele yangu, upande uleule niliogeuzia uso.

"Mama!" Nabwire akaita kwa mshtuko, kisu mkononi.

Mama yake alisimama karibu nami kiasi kwamba nilisikia anavyopumua. Nikageukia upande mwingine, naye akahama, akaja mbele yangu tena. Sikuwa na pa kugeukia. Nikainua macho.

Miaka tisa nimemwoa binti yake, na nilikuwa sijui kwamba ana kovu dogo juu ya jicho. Sikujua kwamba Wandera amerithi macho yake. Alinitazama kwa macho yale muda mrefu, bila kupepesa, na mimi nilitamani lile jiwe linigonge mimi.

"Umeniona?" akauliza.

"Nimekuona, mama."

"Basi. Mama mkwe iko hapa. Andika."

Akainama, akachukua mkungu wake, akaingia jikoni.

Ndiyo maana naandika. Barua ya kwanza niliipeleka kwa Madam, nyingine ofisini kwa Afande, na ya tatu kwa kamati ya mwalo, na humo jina langu nimeliweka kwa herufi kubwa, nikatia na alama ya dole gumba. Nimesema sikupima, nimesema Wandera alinionya kabla na aliwaonya wao mashuani, na nimerudisha cheti. Madam amenijibu kwa simu kwamba mradi ulishafungwa, lakini ananishukuru kwa maoni yangu. Maoni! Afande bado hajajibu. Kamati wanasema wanasubiri Afande ajibu. Mimi huwa nakwenda kila Jumatatu, naketi kwenye benchi lao, na nitaendelea kuketi mpaka wamrudishie mwenyewe ruhusa yake, au wanifunge. Nabwire hajarudi. Wiki iliyopita, hata hivyo, aliniletea maji ya kunywa pale kwenye benchi, akasimama mpaka nilipomaliza, akachukua kikombe chake akaondoka.

Nanyi mnaosoma, ninyi wajazaji wa fomu, wapimaji, wahesabuji, wenye kalamu na haraka: wahenga walisema maji usiyoyafika hujui kina chake. Mimi niliyapima kutoka kwenye lami nikapewa cheti. Kazi yenu pengine ni kupima maziwa, au mashamba, au dawa za watoto, sijui. Ukiona nafasi tupu, iache tupu! Tupu haijawahi kumkata mtu mguu.

Na siku utakayompigia mtu simu kumuuliza habari za mahali pake, akakujibu kwa neno unalodhani ni utani, usicheke. Muulize maana yake. Kisha funga jaketi, shika kamba, panda mtumbwi.